Mafuta na tumbo lililopasuliwa: tunajibu maswali yenu

Barua za safari hii zinazunguka jambo moja: chipsi, kuku wa kukaanga, baga na piza baada ya upasuaji wa kupunguza uzito. Wapo wanaotapika kwa kipande kimoja. Wapo wanaokula bila shida yoyote, na hilo ndilo linalowatia hofu. Kabla hatujaanza, ombi moja. Ukituandikia, au ukienda kwa daktari wako, usiishie kusema “mafuta yananikataa”. Taja upasuaji uliofanyiwa, miezi iliyopita, na dakika ngapi baada ya kula ndipo dalili zilipoanza. Hilo la tatu watu hulisahau, na mara nyingi ndilo linaloonyesha tatizo liko wapi.

SWALI: Hamjambo wahariri. Nina miezi mitatu tangu nifanyiwe slivu. Juzi nilikula vipande vitano vya chipsi na nusu ya paja la kuku wa kukaanga. Haikupita robo saa nikajaa mpaka kifuani, mate yakanijaa mdomoni, nikatapika. Jirani yangu alifanyiwa upasuaji huohuo na anakula kila kitu. Mimi nina kasoro gani?

JIBU: Pole sana, dada. Huna kasoro yoyote. Chakula ulichokula kimelikuta tumbo ambalo bado halijawa tayari kukipokea.

Katika slivu, daktari huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya tumbo na kubakiza mfereji mwembamba wa umbo la ndizi, unaochukua kama mililita 100 hadi 150. Sehemu iliyoondolewa ndiyo ile iliyokuwa ikitanuka kupokea mlo. Iliyobaki haitanuki kirahisi, kwa hiyo chakula kikizidi kidogo tu shinikizo hupanda, na kinachokosa nafasi hurudi juu. Mafuta huzidisha hali hiyo. Yakishagusa utumbo mwembamba, utumbo hutoa homoni zinazopunguza kasi ya tumbo kujimwaga. Mtu ambaye hajapasuliwa huiita hali hiyo shibe. Wewe unaisikia kama mzigo uliokwama chini ya kifua, pamoja na kichefuchefu.

Kuku naye ana lake. Lile paja lina ngozi, lina ganda la unga lililonyonya mafuta, kisha lina nyama yenye nyuzi. Ngozi isipotafunwa ikaisha hushuka kama kipande cha mpira. Ganda nalo ndilo lenye mafuta mengi kuliko nyama yenyewe, kwa hiyo anayelibandua pamoja na ngozi huwa ameondoa sehemu kubwa ya tatizo kabla hajaanza kula.

Kwenye chipsi kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Tunadhani viazi hunywa mafuta vikiwa vinachemka ndani ya karai, kumbe mafuta mengi huingia vikishatolewa. Vikiwa motoni, mvuke unatoka ndani kwa nguvu na kuyazuia mafuta yasiingie. Vikipakuliwa, mvuke hupoa, vitundu unavyoviacha hubaki vitupu, na mafuta yaliyoganda juu huvutwa ndani. Ndiyo maana kuzikung’uta chipsi na kuzifuta kwa karatasi papo hapo, zikiwa bado zinachuruzika, kunapunguza mafuta kweli. Ukisubiri zipoe ndipo uzifute, utapata kidogo tu. Tena chipsi nyembamba hubeba mafuta mengi kuliko nene kwa uzito uleule, kwa kuwa sehemu kubwa zaidi ya kiazi inagusana na mafuta.

Kuhusu jirani yako, muulize ana muda gani tangu apasuliwe. Mwenye mwaka mmoja na nusu ana tumbo ambalo uvimbe wa kidonda umekwisha na limezoea kazi yake. Miezi mitatu ni mapema. Vituo vingi huanza na vimiminika kwa wiki moja au mbili, kisha vyakula vya kusaga, kisha vyakula laini, na vyakula vya kawaida huruhusiwa kati ya wiki ya 6 na ya 8. Lakini “vya kawaida” hapo havimaanishi vya kukaanga kwenye mafuta mengi. Ushauri wetu ni uviweke kando mpaka utimize miezi sita. Kwa sasa rudi kwenye vyakula laini visivyo na mafuta kwa siku tatu hadi nne, na samaki au kuku wako apikwe kwa mvuke, achemshwe au aokwe.

Ukitapika siku nzima hata maji hayakai, usisubiri kesho. Kutapika mfululizo humaliza vitamini B1 mwilini, na upungufu wake huleta kuona vitu viwiliviwili, kuyumba ukitembea na kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura. Ukifika hospitali waambie mapema kwamba ulipasuliwa tumbo, kwa sababu vitamini B1 hutakiwa kutolewa kabla ya dripu ya glukosi au pamoja nayo.

SWALI: Nina baipasi, mwezi wa nane sasa. Nikila baga na chipsi na kushushia na maziwa ya barafu, dakika ishirini baadaye moyo unakwenda mbio, jasho linanitoka, tumbo linasokota, nakimbilia chooni. Nimeshaacha chipsi lakini hali ni ileile. Ni mafuta gani haya yasiyokwisha?

JIBU: Ndugu yetu, tunadhani umemfunga asiyehusika. Mshtakiwa mkuu ni yale maziwa ya barafu, akifuatiwa na sosi tamu ndani ya baga.

Hali hiyo huitwa dampingi. Kwenye baipasi umebakiwa na kijifuko cha kama mililita 30 kilichounganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Mlango wa chini wa tumbo, uliokuwa ukipima chakula kidogokidogo, hautumiki tena. Sukari nyingi ikiangukia kwenye utumbo kwa mkupuo, huvuta maji kutoka kwenye damu, utumbo hutanuka, homoni humwagika, na moyo hulazimika kwenda mbio. Yote hayo hutokea kati ya dakika 10 na 30 baada ya kula, mara nyingine hadi saa moja. Mafuta yanaweza kuongeza kichefuchefu na kuharisha, lakini jasho na mapigo ya moyo ya namna yako kwa kawaida ni alama ya sukari.

Pima mwenyewe. Wiki hii kula kipande cha nyama ya baga na nusu ya mkate wake, bila sosi na bila kinywaji. Usipoona kitu, wiki ijayo ongeza vipande vitano vya chipsi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichokuumiza. Dampingi ikikupata, lala chali kwa nusu saa. Usinywe maji mengi saa hiyohiyo, subiri tumbo litulie.

Kuna dampingi nyingine inayochelewa, saa moja hadi tatu baada ya kula: kutetemeka, njaa ya ghafla, jasho la baridi, akili kufifia. Hapo insulini imemwagika kupita kiasi na sukari ya damu imeshuka. Ukiwa na kipimo cha sukari, kitumie palepale na uandike namba. Kula kitu chenye gramu 10 hadi 15 za sukari, halafu fuatisha na protini kidogo ili isishuke tena. Ikijirudia, au ikiwa unatumia dawa za kisukari, mwone daktari wiki hiyohiyo. Na usiendeshe gari ukiwa katika hali hiyo.

SWALI: Chakula kinakwama katikati ya kifua, natema povu zito kama ute wa yai. Ninywe maji kukisukuma?

JIBU: Hapana, usinywe. Maji hayawezi kupita palipoziba, yatakaa juu ya chakula na kuongeza maumivu. Povu ni mate na ute ambao umio unatoa kujaribu kulainisha kilichokwama. Acha kula, simama, tembea polepole, tema mate badala ya kuyameza. Mara nyingi kitu hushuka au hurudi ndani ya saa moja. Baada ya hapo baki kwenye vimiminika kwa saa 24, kwa kuwa njia imevimba. Ukifika mahali huwezi kumeza hata mate yako kwa saa kadhaa, nenda hospitali. Na ikiwa unakwama mara kwa mara, hasa ukiwa kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu baada ya baipasi, na vyakula vinavyopita vinazidi kuwa laini kila wiki, huenda kiungio cha kijifuko na utumbo kimebana. Hilo hurekebishwa kwa puto dogo linalopitishwa na kamera ya mdomoni, wala halihitaji kupasuliwa upya.

SWALI: Shikamooni. Nimepungua kilo 31 kwa miezi mitano. Kila nikila piza au kitu cha mafuta, napata maumivu makali chini ya mbavu za kulia, yanapanda hadi kwenye bega na mgongo. Huanza kama saa moja au mbili baada ya kula na kukaa muda mrefu. Nimekuwa nikimeza dawa za maumivu. Je, tumbo langu halijazoea mafuta?

JIBU: Marahaba. Barua yako tumeisoma mara mbili, na tunakuomba usiiache hali hii kwa kudhani utazoea. Maumivu ya upande huo, ya muda huo, yanayokaa zaidi ya nusu saa, yanafanana sana na ya vijiwe vya nyongo.

Mtu anapopungua kwa kasi, ini humwaga kolesteroli nyingi kwenye nyongo. Wakati huohuo, kwa kuwa unakula kidogo, mfuko wa nyongo haukamuliwi ipasavyo, nyongo inatuama na kuganda. Ukila mafuta, mfuko hukazwa kwa nguvu ili kuyashughulikia, na kijiwe huziba mlango wake. Kwa hiyo piza haijaleta ugonjwa, imeufichua tu. Kipimo ni altrasaundi ya tumbo, haiumi na haichukui muda. Ndiyo maana baadhi ya madaktari humpa mgonjwa dawa ya asidi ya ursodeoksikoli kwa miezi sita ya mwanzo, ili kuzuia vijiwe. Uliza kama uliandikiwa, na kama uliandikiwa ukaiacha njiani, sema ukweli.

Kama ni baipasi uliyofanyiwa, mweleze daktari jambo hilo kabla ya lolote. Kamera ya kawaida ya mdomoni haifiki kwa urahisi kwenye mfereji wa nyongo baada ya baipasi, kwa hiyo mpango wa matibabu hubadilika.

Mpaka upimwe, kaa mbali na mafuta mengi. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni, diklofenaki na aspirini ziache, hasa kwa mwenye baipasi, maana huchimba vidonda kwenye kiungio. Parasetamoli kwa kipimo chake ni salama zaidi. Ikiwa kuna homa, macho kuwa ya njano, mkojo kuwa wa rangi ya chai, au maumivu yasiyoachia, ni usiku huohuo hospitali. Hata mwenye baipasi anayepata msokoto mkali wa ghafla baada ya kula asiulaumu mlo peke yake, kwani utumbo unaweza kuwa umeingia kwenye upenyo ulioachwa na upasuaji ukajisokota. Hilo nalo halingoji asubuhi.

SWALI: Siku moja baada ya kula vya kukaanga, choo changu kinaelea, kimepauka, kinanuka vibaya, na kinaacha mafuta kwenye maji. Nilifanyiwa swichi ya duodeni.

JIBU: Upasuaji huo ndio unaopunguza ufyonzaji wa mafuta kuliko mwingine. Chakula hupita njia yake, nyongo na maji ya kongosho hupita njia nyingine, na vinakutana kwenye kipande cha mwisho cha utumbo, mara nyingi cha kama sentimita 100 tu. Mafuta yasiyowahi kufyonzwa hapo hutoka kama ulivyoeleza. Mara mojamoja baada ya mlo mzito, hiyo ni hesabu ya upasuaji wenyewe. Kila siku, hata kwa mlo mwepesi, ni dalili ya kwenda kupimwa, kwa sababu bakteria wanaweza kuwa wamezidi kwenye utumbo au kongosho haitoi vimeng’enya vya kutosha, na vyote viwili vina dawa.

Hasara haiishii chooni. Mafuta yanayotoka huondoka na vitamini A, D, E na K. Vilevile hushikana na kalisi ndani ya utumbo, na kalisi ikishikwa na mafuta, oksalati, kemikali iliyomo kwenye vyakula vingi vya mimea, hubaki huru, inaingia kwenye damu na kutengeneza mawe kwenye figo. Kwa hiyo kunywa maji yako, lita 1.5 hadi 2 kwa siku, na meza kalisi pamoja na mlo kama ulivyoandikiwa. Vidonge vya madini ya chuma vitenge nayo kwa saa mbili, maana hugombania njia. Vipimo vya damu vya vitamini usiviruke hata kama unajisikia mzima. Upungufu wa vitamini A huanza na kutoona vizuri gizani, na wengi hudhani ni macho tu.

SWALI: Nina mwaka mmoja, slivu. Wenzangu wa kazini hukutana kwenye mgahawa wa vyakula vya haraka. Sitaki kujitenga, wala sitaki kuaibika mezani. Nifanyeje?

JIBU: Nenda. Jambo hili linawezekana kabisa ukienda na mpango, na kula na wenzako ni sehemu ya maisha uliyopasuliwa ili uyaishi.

Jipangie gramu 10 hadi 15 za mafuta kwa mlo huo. Kijiko kimoja cha chakula cha mayonezi kinabeba kama gramu 10, yaani kinamaliza karibu mgao wote kabla hujaonja kitu. Pakiti ya wastani ya chipsi ina gramu 15 au zaidi. Lakini vipande sita vya chipsi, kama gramu 30 hivi, vina gramu 4 hadi 5. Kifua cha kuku wa kuchoma kisicho na ngozi, gramu 100, kina gramu 3 hadi 4 za mafuta na protini ya karibu gramu 30. Hesabu inakaa: kuku wa kuchoma, chipsi sita kutoka sahani ya mwenzako, sosi kando. Ikiwa hakuna cha kuchoma, agiza kuku wa kukaanga, bandua ngozi na ganda lote, kula nyama. Baga ifungue, ondoa mkate wa juu na sosi, kula nyama kwa uma. Piza iwe nyembamba, kipande kimoja, ibonyeze juu kwa karatasi mpaka karatasi iloe, na makali ya mkate uyaache.

Usiende na njaa kali. Saa mbili kabla, kula kitu kidogo chenye protini, kwa sababu anayefika na njaa humeza. Maliza kunywa maji kabla ya chakula kufika, kisha usinywe mpaka dakika 30 baada ya kumaliza. Soda iache kabisa, gesi itatafuta nafasi usiyonayo. Anza na nyama. Kata kipande kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, tafuna mara 20 hadi 30, weka uma chini, ongea na wenzako. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Baada ya vipande vitatu vya kwanza subiri dakika tano. Mwili hutoa ishara kabla ya maumivu: pua kuanza kuchuruzika, kwikwi, chafya, pumzi ndefu inayokuja yenyewe. Ukiona mojawapo, umeshiba, hata kama sahani imejaa. Omba kufungiwa.

Ukirudi nyumbani usilale chini kwa saa mbili hadi tatu. Slivu ina shinikizo kubwa ndani, na mafuta hulegeza kilango cha juu cha tumbo, ndipo kiungulia kinapopata mwanya. Kikikusumbua zaidi ya mara mbili kwa wiki, usijitibu kwa dawa za kutafuna miezi na miezi, fanyiwa uchunguzi.

SWALI: Miaka miwili baada ya baipasi naweza kula pakiti nzima ya chipsi na sihisi chochote. Kilo sita zimerudi. Je, kijifuko kimetanuka?

JIBU: Kinaweza kuwa kimetanuka, na daktari anaweza kuangalia kwa kamera. Lakini maelezo ya kawaida zaidi ni mepesi kuliko hayo. Chipsi ukizitafuna huwa uji. Uji huo wenye mafuta hauketi kwenye kijifuko, unateleza na kushuka, nafasi inabaki, na mkono unarudi kwenye pakiti. Gramu 100 za chipsi ni kama kalori 300. Gramu 100 za kifua cha kuku kisicho na ngozi ni kama 165, na baada ya hapo hutaki kitu kwa saa nyingi, kwa sababu nyama inakaa. Kutoumwa kwako si ushahidi kwamba chakula kile kinakufaa. Ile kengele ya mwaka wa kwanza imenyamaza, na wengi huanza kupata uzito wakati huohuo.

Usianze kwa kujinyima kila kitu. Kwa siku saba, andika kila unachotia mdomoni, saa uliyokila na kiasi chake, pamoja na vile vipande viwili vitatu vya kuonja na vinywaji vyote. Hakikisha protini inafika gramu 60 hadi 80 kwa siku na inaliwa mwanzo wa kila mlo. Angalia kama umerudia kunywa huku unakula. Watu wengi hurudia bila kujua, na maji hukisukuma chakula kikatoka mapema kwenye kijifuko. Kisha peleka daftari hilo kwa mtaalamu wako wa lishe, pamoja na majibu ya damu ya karibuni. Ukipenda, tuandikie na sisi, ukitaja saa za milo.